Fyuzi ya taa za ndani inaungua tukilala tu

Wa Nyalenda
Wadau, hamjambo. Nina matatu kuukuu ya abiria 14, niliing'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi na taa nne za LED darini, wati 3 kila moja. Fyuzi ni ya ampia 10. Juzi tumetoka Kisumu hadi msitu wa Kakamega, matuta yakiturusha njia nzima, na taa hazikuyumba. Tukala, tukatundika neti, tukaichomeka chini ya godoro: giza! Asubuhi fyuzi mpya, taa zikawaka. Usiku, giza tena. Nimemaliza fyuzi tano. Swichi nimebadilisha, taa mbili pia. Mke wangu anauliza kama gari lina mzimu.

Kondele Spea
Weka ya 20 tu, hiyo 10 ni ndogo.

Fundi wa Shabab
Ndugu wa Kondele, usimchomee mtu nyumba. Fyuzi hulinda waya. Taa zake zote ni wati 12, yaani ampia moja kwa betri ya volti 12, kwa hiyo hapo mzigo hauna kosa, ni shoti: waya wa umeme unagusa chuma mahali. Akiweka 20, waya ule mwembamba wa darini unaweza kuiva kabla fyuzi haijakatika, nao wamelala chini yake, mtungi wa gesi miguuni. Hapa Nakuru nimewahi kuvua siling ya matatu nikakuta nyaya tatu zimeyeyuka zikashikana kama chingamu. Mwenyewe alikuwa ameweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi!

Wa Nyalenda, acha kununua fyuzi. Tafuta balbu ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili, uzichomeke pale fyuzi inapokaa. Washa taa. Kama hakuna shoti balbu itakuwa nyekundu, nyonge. Shoti ikitokea itawaka kwa nguvu zake zote, na hakuna kitakachoungua. Halafu tingisha kila kitu, polepole. Na hiyo neti, umeitundika wapi?

Wa Nyalenda
Kwenye kulabu nne, nilizipiga skrubu mwenyewe.

Fundi, nimerudi. Balbu ilikaa nyekundu kama ulivyosema. Nikavuta kulabu ya kwanza, ya pili, kimya. Ya tatu, upande wa mke wangu, ikanimulika usoni! Skrubu imepita ubavuni mwa waya ikaingia kwenye chuma cha paa. Ganda limechubuka padogo tu, kama punje ya mtama. Neti ikivutwa, skrubu inalala, inagusa shaba. Mke wangu anasema kumbe mzimu anamjua.

Fundi wa Shabab
Hahaa, mpe pole. Sasa toa betri kwanza. Kata hapo palipochubuka, unga kwa risasi ya kulehemu, vika mpira; tepu peke yake itabanduka kwa joto la Kisumu. Kulabu ihamishe, na kabla hujatoboa ingiza mkono nyuma ya siling uujue waya unapita wapi. Hizo tatu nyingine pia zifungue uzitazame.