Tupeane uzoefu: kazi za kompyuta ukiwa Kigoma au Tabora, nini kilikubakisha?

Mjomba wa Gungu
Mwidiwe wakuu. Kijana wa dada yangu kamaliza diploma ya TEHAMA, ananiuliza: "Mjomba, hii fani ina maisha kweli na hizi AI?" Nilikosa jibu la haraka. Mimi nilianza na kuchapa barua na kutoa kopi pale Mwanga, hapa Kigoma, nikaingia ufundi wa kompyuta, leo nafunga kamera na mitandao ya maofisi. Karibu kila nilichojifunza mwanzo hakina soko tena. Mliodumu kwenye kazi hii huku kwetu magharibi, mlipita wapi palipobana, na nini kiliwashikilia?

Mnyanyembe
Mwangaluka. Niko Isevya, Tabora. Nilikuwa fundi wa TV za chogo. Dar walipozima analojia Desemba 31, 2012 tukajua na huku zamu inakuja. Wenzangu wakasema wananchi hawatanunua ving'amuzi. Mimi nikajifunza madishi, baadaye TV bapa, sasa nafunga sola. Umeme ni ule ule, kupima ni kule kule. Kijana ashike misingi, vifaa vitabadilika apende asipende.

Kaka Mkubwa
Nakazia.

Binti Katubuka
Mmenikumbusha Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua. Natengeneza tovuti za watu wa nje nikiwa hapa hapa Kigoma, na Jumatatu asubuhi mteja wa Ujerumani alikuwa anafungua duka lake la mtandaoni. Kampuni ya malipo ilikuwa imebadilisha mfumo wake wiki ile, ukurasa wa kulipia ukagoma. Marekebisho nimeshayamaliza kwenye kompyuta yangu, hayapandi! Nimebadilisha laini zote za nyumbani, hata barua pepe tupu haiendi. Mikono ilikuwa inatetemeka, maana mteja yule ndiye alikuwa analipa ada ya wadogo zangu.

Usiku nikampigia kwa simu ya kawaida kijana wa Nairobi niliyewahi kufanya naye kazi, kwao kulikuwa na nafuu. Nikamsomea msimbo, yaani maandishi yanayoendesha tovuti, mstari kwa mstari, mabano, nukta mkato, yeye anaandika na kunisomea tena. Vocha ikikata, mama anatoka na khanga yake kwenda kugonga duka la jirani. Kabla ya adhana ya alfajiri kurasa zikafunguka, nikalia pale pale sebuleni. Yule kijana hakutaja hela kabisa, kwa sababu aliwahi kuzidiwa na kazi nikamshika mkono. Tangu siku ile sichukui mradi bila mtu wa pili mwenye ruhusa ya kuingia, na awe nchi nyingine.

Kaka Mkubwa
Dada, heshima yako. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Ushahidi
Hii chai. Msimbo wa duka zima usomwe kwa simu? Na huyo wa Nairobi aliingiaje kwenye mfumo?

Binti Katubuka
Kaka, sikusema duka zima. Ni mistari niliyoibadilisha tu. Na ruhusa ya GitHub, ghala la mtandaoni la kutunzia msimbo, alikuwa nayo tangu mradi wa kwanza, akipandisha pale seva inachukua yenyewe.

Mzee wa Ushahidi
Sawa kwa hilo. Lakini kumpa mtu wa tatu ufunguo wa mteja ni hatari. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023, na Wajerumani ni wakali kuliko sisi.

Binti Katubuka
Imo kwenye mkataba na mteja kasaini. Anafika kwenye msimbo, taarifa za wanunuzi hazioni.

Mnyanyembe
Mwacheni dada. Tumrudie kijana.

Nipo Dar
Aje Dar, atazeeka huko anasubiri wateja.

Mjomba wa Gungu
Kodi ya huko utamlipia wewe?

Mlalo
Kwani huko nje kuna usalama? Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu 12,000, Microsoft 10,000. Afanye mawese.

Mnyanyembe
Kampuni hizo ziliajiri kwa pupa kipindi cha Korona, ndiyo maana. Kazi haikufa.

Mtakwimu Kasulu
Wangu ni mwaka jana 2025. Nilikuwa natunza takwimu za mradi wa wakimbizi, fedha za Marekani. Januari 20 ikasainiwa amri ya kusimamisha misaada ya nje, haikupita muda barua ya kusimama kazi ikatufikia. Laptop ya ofisi, leseni za ofisi, barua pepe ya ofisi, vyote nikarudisha. Nikabaki na simu na familia inaniangalia. Power BI, programu ya kuchorea ripoti za takwimu, naijua, lakini nani sokoni aliyekuwa anaitaka?

Nikaenda kukaa na wanunuzi wa maharage. Nani kakopa, gunia ngapi zimetoka, yote yako kwenye madaftari na vichwani mwao. Nikawajengea Excel inayofunguka kwenye simu. Mmoja akamwambia mwenzake, sasa nina watu wa kahawa Buhigwe. Hainipi mshahara wa zamani, ila mteja mmoja akiondoka nyumba haitikisiki.

Fundi Radi
Naongeza: mvua zetu za Kigoma na radi zake! Weka nakala tatu za kazi zako, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Wingu likitanda chomoa kila kitu, na waya wa mtandao pia.

Mlalo
Mtakwimu, nimekuelewa. Mawese nayo yanahitaji hesabu.

Mjomba wa Gungu
Mtakwimu, kijana aanze na lugha ya programu ya Python au na Excel?

Mtakwimu Kasulu
Excel kwanza, akae nayo mpaka aweze kumsikiliza mfanyabiashara na kumchorea jedwali pale pale. Python atajifunza akishaona kazi gani inajirudia. AI aitumie, ila kila jibu alihakiki mwenyewe. Akipata nauli ya kuja Kasulu siku ya soko, mjomba, nipigie, nitazunguka naye kwa wanunuzi.