Mwalimu mkuu ni wa darasani au wa saruji?

Mwalimu, Kilolo: Kamwene wadau. Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024, kila kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunaambiwa mwalimu mkuu ndiye kiongozi wa ufundishaji: akague maandalio, aingie darasani, akae na walimu wajadili somo. Wa kwangu muhula uliopita aliingia mara moja. Akakaa dawati la nyuma na kidaftari chake, Darasa la Tatu, nafundisha kutoa. Baadaye akaniita pembeni: "Mwalimu, umeuliza maswali tisa, yote yamejibiwa na madawati mawili ya mbele." Kweli tupu! Hakuna mthibiti ubora wa shule aliyewahi kuniambia hivyo. Kabla hatujamaliza simu ikaita, lori la mchanga limekwama kwenye tope. Sikumwona tena darasani mpaka tunafunga shule. Ama apunguziwe ujenzi, ama tuache kumpa cheo asichoweza kukifanyia kazi.

Mwalimu mkuu, Rungwe: Umenichekesha ila umenichoma. Leo nimehesabu mifuko ya saruji kabla ya kuhesabu walimu. Ujenzi ni wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kusimamia mafundi; fedha zimeingia akaunti ya shule, sahihi ni yangu, mhasibu sina. Nondo zikipungua anaulizwa nani? Sijasikia mkuu aliyeandikiwa barua ajieleze kwa kutoingia darasani. Na mvua za huku mnazijua, bati lisipopanda mapema tumekwisha.

Mzazi, Uyole: Samahani walimu wangu, mnajitetea sana. Mtoto wangu yuko la Nne, "anasoma" kwa kuangalia picha; ukiifunika kwa kiganja anakaa kimya. Mwalimu wa taaluma si yupo? Mkuu akijenga, yeye azunguke madarasani.

Mwalimu, Kilolo: Mzazi, wa taaluma naye ana vipindi vyake, tena vingi. Mkuu wa Rungwe, sikukusema vibaya kaka. Kamati ya shule ina wazazi mafundi, wakabidhi stoo na daftari la vifaa, wewe ukague mchana. Asubuhi mpaka saa nne zima simu, ingia darasani.

Mwalimu mkuu, Rungwe: La stoo nimelichukua, nitalipeleka kwenye kamati. Hilo la simu sasa. Saa tatu Afisa Elimu Kata anataka takwimu za wanafunzi "sasa hivi, wilaya wanasubiri". Utampokelea wewe?