Pikapu inamrusha mama: nihamie Prado au kuna dawa?

Mwana wa Igoma
Wakuu, salaam. Nina Hilux Vigo dabo kabini, nimeinunua mwaka jana kwa mtu aliyekuwa akibebea mbao. Siku za kazi inabeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba, wala sina neno nayo. Kasheshe ni mara moja kwa mwezi, ninapomfuata mama Buchosa kumleta kliniki Bugando. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko, kwa hiyo adha yote imebaki kwenye vumbi kabla ya kufika Sengerema. Gari tupu linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mama hasemi kitu. Anashika tu kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, na heri angelalamika.

Shemeji ana Prado 120, ananiambia niuze hili. Tofauti ni kubwa hivyo, au ni maringo ya mwenye Prado?

Fundi wa Nyakato
Shemeji hajakudanganya. Nyuma ya Hilux kuna springi za vyuma vilivyolaliana, zimepangwa kubeba karibu tani moja. Ukipakia mama na kikapu cha viazi, hazina habari kama kuna mtu. Hazikunjiki, zinarusha. Na hizohizo ndizo zinazoshikilia ekseli (ule mhimili wa magurudumu) isihame, kwa hiyo haziwezi kuwa laini sana. Prado nayo ina ekseli nzima nyuma, ila imeshikwa na mikono yake ya chuma, koili (springi ya mviringo) inabaki na kazi ya kulainisha tu. (Zipo zenye mifuko ya upepo nyuma. Ikichoka, wengi wanafunga koili na maisha yanaendelea.)

Kabla hujauza, lala chini ya gari utazame springi. Gari la mbao hilo, nakuhakikishia limeongezwa chuma. Halafu upepo wa tairi unajaza ngapi?

Mwana wa Igoma
Vijana wa pancha wanajaza 45. Wanasema ni gari la mzigo.

Fundi wa Nyakato
Arobaini na tano gari tupu! Mkuu, fungua mlango wa dereva, soma kile kibandiko. Uone Toyota wenyewe wanataka ngapi.

Mama Dagaa
Mimi nimetoka kwenye Prado nikarudi pikapu. Prado ukiipakia magunia inakaa kitako, taa zinamulika mbinguni, na harufu ya dagaa haitoki kwenye viti hadi kiama. Kama gari ndilo linalokulisha, usiuze.

Dereva wa zamani wa Fuso
Mama anakaa siti gani? Kama ni nyuma, mhamishe mbele. Kadiri unavyokaribia ekseli ndivyo unavyorushwa. Sisi wa Fuso tulikalia ekseli ya mbele kabisa, miaka 20, mgongo wangu ni shahidi.

Mwana wa Igoma
Nimerudi na majibu. Fundi, chuma cha nyongeza kilikuwepo kweli, kimoja kila upande, kina kutu wakati vingine vina rangi nyeusi. Vimetolewa, bushi (raba za maungio ya springi) zilizokwisha zimebadilishwa. Kibandiko kinasema 29, ndiyo niliyojaza kwa safari ya mama. Nikipakia dagaa nitaongeza. Jumatatu nimeweka pia magunia matatu ya mchanga, yakalala juu ya ekseli ya nyuma, nikayafunga kamba. Mama siti ya mbele. Bado si kochi, ila hadi Sengerema kishikio alikishika mara mbili tu.

Kurudi, shemeji akajitolea kumpeleka na Prado yake. Jioni mama akanipigia simu: gari ni laini kama godoro, lakini kila kona linalala ubavu, na ametapika kabla ya Nyehunge. Mwezi ujao anataka nimfuate mimi, ila mchanga niuache nimletee mbolea.