Chenga (vidoadoa vya ovyo) kwenye picha za mwanga hafifu, sensa ndogo: ISO 100, kurundika fremu, au kusafisha kwa programu?

Kibatari
Wakuu, nalinganisha njia tatu za kupunguza chenga kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya inchi 1/2.3. Kazi ni picha za ukumbini usiku bila flashi: watu, na jengo lenyewe. (1) Kupiga kwa ISO 100 (ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga) kisha kuangaza kwenye kompyuta. (2) Kurundika fremu kadhaa, yaani kupiga picha nyingi za kitu kilekile na kuzichanganya kuwa moja. (3) Fremu moja ya ISO ya juu, isafishwe kwa programu. Ipi ifanye kazi wapi?

ShataPolepole
Chenga nyingi zinatokana na uhaba wa mwanga, si namba ya ISO. Pikseli ikipata fotoni (chembe za mwanga) 100, kuyumba kwake ni kama 10, yaani asilimia 10. Ikipata 10,000, ni asilimia 1 tu. Sensa yako ina takriban milimita 6.17 kwa 4.55, eneo la 28 za mraba. Sensa ya fremu kamili ina 864, kama mara 31 ya hiyo, yaani kama stopu 5 (kila stopu ni mwanga mara mbili). Kwa hiyo kabla ya hizo tatu: usizumu, kwa kuwa lenzi nyingi za kamera hizi hupoteza mwanga zinapovuta, na punguza kasi ya shata (mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi) kadiri mtu anavyoruhusu. Aliyetulia jaribu sekunde 1/60, anayetembea 1/250.

Njia (1) ipime kwanza. Piga RAW (faili ghafi la sensa) mbili kwa shata na upenyo (tundu la lenzi) uleule, moja ISO 100, nyingine 1600. Ile ya 100 iangaze stopu 4, kisha tazama vivuli vya zote kwa asilimia 100. Ikiwa ya 100 ina mistari au chenga nzito zaidi, saketi za kamera zinaongeza chenga zao baada ya ISO kufanya kazi, na njia hiyo haifai. Zikilingana, baki na 100: taa hazitageuka nyeupe tupu kwenye picha.

Fremu16
Kwa jengo, (2) haina mpinzani. Fremu 16 hupunguza chenga mara 4, fremu 4 mara 2. Funga fokasi, mweko (shata, upenyo na ISO) na mizani ya nyeupe, piga RAW mfululizo. Zigeuze zote TIFF za biti 16, usafishaji ukiwa umezimwa, kisha:

`align_image_stack -a fr_ *.tif`
`magick fr_*.tif -evaluate-sequence mean jengo.tif`

Ya kwanza hupanga fremu zilingane na huja na programu ya Hugin; ya pili hutoa wastani wake (`mean`) na ni ya programu ya ImageMagick.

Angalizo: zima ule usafishaji wa mweko mrefu ndani ya kamera. Huo hupiga fremu nyeusi ya muda uleule baada ya kila picha, kwa hiyo kazi huchukua muda maradufu. Tena unaondoa pikseli moto tu (zile zinazong'aa daima), si chenga za uhaba wa mwanga.

Kibatari
Mtu akipita katikati ya fremu je?

Fremu16
Weka `median` (thamani ya katikati) badala ya `mean`. Akionekana kwenye fremu chache tu mahali pamoja, anafutika. Gharama yake ni chenga kubaki kama robo zaidi. Faida nyingine: ukipiga bila tripodi, pikseli moto huhama baada ya fremu kupangwa, na `median` inazitupa. Kwenye tripodi zinabaki palepale.

Rangi_Safi
Watu wanaosogea wanabaki na (3), lakini kwa RAW. JPEG ya kamera hizi tayari imesuguliwa, ngozi na nywele zinakuwa kama nta, na hakuna programu itakayozirudisha. Tenganisha aina mbili: madoa ya rangi yasafishe kwa nguvu, jicho halioni hasara kubwa, chenga za mwanga (tofauti za kung'aa na giza) zipunguze kidogo tu, maana humo ndimo undani ulimo. Programu za RAW, Darktable na RawTherapee, zina vidhibiti vyote viwili. Unoaji ufanye baadaye, la sivyo unanoa chenga.

Halafu usihukumu kwa asilimia 100 kama picha itatazamwa ndogo. Kupunguza megapikseli 12 hadi 3 kunachanganya pikseli 4 kuwa moja, na chenga za kila pikseli hushuka karibu nusu.