Kikundi: Ukoo wa Jang'ombe

Time: Asalaam aleykum. Jamani, Suleiman katimia miaka 18. Kituo cha kulelea watoto wameshamwambia mwezi ukimalizika atoke, kitanda chake anapewa mtoto mwengine. Nimepata chumba Fuoni, 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Nnataka michango, si dua tu. Godoro lipo, la Haji.

Time: Mmesoma nyote, naona.

Khamis: Lile la kunguni? 😂

Haji: Weye! Nililianika.

Khamis: Ukaliacha nje mvua ya masika ikakufulia.

Time: Khamis, tafadhali. Anataka kuingia Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe asomee umeme. Na Kitambulisho cha Mzanzibari hana. Sheha anataka kuona cheti cha kuzaliwa. Kiko wapi?

Maryam: Mie huku Maskati mshahara bado. Mwisho wa mwezi inshaallah.

Haji: Kwani hakuna kafala, mtu akamchukua akamlea kwake?

Time: Kafala ni ya mtoto, Haji. Kwa sheria ya 2011 mtoto ni wa chini ya miaka 18. Ilikuwa zamani hiyo, alipokuwa akililia mlangoni. Sasa tumebaki sie.

Salma: Cheti si kilikwenda na makaratasi ya shamba la Mtambwe? Muulizeni Da Zuwena.

Zuwena: Salma usinianze.

Salma: Sikuanzi. Marehemu alipoondoka mlisema nyumba imejaa. Mtoto hamkuwa na pa kumueka, mikarafuu ya mama yake mkapata nafasi ya kuichuma.

Zuwena: *Ujumbe huu umefutwa*

Bi Mkubwa: Rahma hapa, nnamuandikia Bi Mkubwa. Anasema: "Mtoto yule nilimpakata siku ya saba yake. Chumba cha kupanga, akishikwa na homa usiku atamgongea nani? Mleteni kwangu, banda la uani lisafishwe. Na Zuwena, cheti kimo sandukuni mwako. Nilikuona ukikitia."

Zuwena: Shikamoo Bi Mkubwa. Nitatazama.

Khamis: Bandani si mna pikipiki ya Haji?

Haji: Injini tu.

Time: Itoe kabla ya Ijumaa. Bi Mkubwa, shikamoo, tumekusikia. Lakini mwenyewe kaniambia amechoka kulala kwa ruhusa za watu, anataka ufunguo wake. Kesho nitakaa naye. Michango isisite, akija uani pesa itakuwa ya vifaa vya amali. Mpaka sasa ni Haji peke yake, 20,000.

Khamis: Mie Ijumaa nina mechi.

Time: Da Zuwena, nije saa ngapi kukichukua?