Mizigo ya boti mwambao wa Tanganyika: tunalipa mara tatu na hakuna anayewajibika

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lenyewe limevumiliwa mno: namna mizigo na vyombo vya moto vinavyosafirishwa kwa boti kutoka Kigoma kwenda vijiji vya kusini, pasipo hati ya maana, pasipo viwango vinavyojulikana na pasipo mtu wa kuulizwa mali inapoharibika.

Kwa asiyeifahamu jiografia yetu, Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na sehemu kubwa ya mwambao wa Wilaya ya Uvinza imebanwa kati ya maji na milima. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale hakuna barabara za gari. Mgeni hufika kwa boti au kwa ndege, kisha hutembea kwa miguu. Vijiji vilivyo kusini mwa milima hiyo, Sibwesa na Kalya vikiwemo, kwa mujibu wa ramani viko bara, lakini anayepeleka saruji huko anapeleka kisiwani. Hata palipochongwa barabara, masika yakikolea malori hukwama, na mwenye mzigo hurudi ziwani.

Zamani tulikuwa na meli. MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1915, ilibeba abiria wapatao 600 na tani 200 za shehena hadi Mpulungu, Zambia. Ilikuwa na kasoro zake, maana vituo vingi havikuwa na gati na mizigo ilishushiwa kwenye mitumbwi katikati ya maji. Hata hivyo ilikuwa na tiketi, na mtu alijua aende dirisha gani kudai. Iliposimamisha safari kwa ajili ya matengenezo, sisi wenye mizigo midogo tuliachiwa maboti ya mbao, na wenye maboti wakapanga watakavyo.

Nilipeleka Kalya saruji, mabati na guta la injini, yaani pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Wakala pale ufukweni hakuwa na mizani. Alilizunguka guta, akalikadiria kwa macho, akataja bei. Nilipokubali, ndipo aliponiambia kwamba hiyo ni ya boti peke yake, na wapakiaji nipatane nao mwenyewe. Kwa hiyo mfuko mmoja wa saruji hulipiwa kutoka kwenye lori hadi ndani ya boti, hulipiwa nauli ya boti yenyewe, na ukifika hulipiwa tena mtumbwi wa kuufikisha nchi kavu. Petroli ya guta ilitolewa na kutiwa kwenye dumu, jambo ambalo kwa usalama ni sahihi na ninaliunga mkono. Ila dumu hilohilo lilipakiwa kwenye boti ileile, hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa, nami nikatozwa nauli yake kama mzigo mwingine wowote.

Hati niliyopewa ilikuwa kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa "guta, saruji, bati", bila idadi ya mifuko, bila namba ya chesisi, bila jina la boti wala la mmiliki. Nilidai idadi iandikwe. Nikajibiwa, "Mama, hapa tunaaminiana, wewe andika kwenye simu yako."

Mdogo wangu aliyepokea mzigo Kalya alikuta mifuko ya safu ya chini imeloa maji yaliyojikusanya sakafuni mwa boti, kwa sababu haikutandikiwa mbao wala kufunikwa turubai. Alipoichana, pembeni saruji ilikuwa imeshakuwa jiwe na katikati bado ni unga. Guta walikuwa wamelifunga kwa kamba moja iliyopitishwa juu ya usukani, badala ya kulifunga kwenye fremu pande zote na kuyatia matairi kabari; boti ilipoanza kuyumba likateleza, likavunja taa na kuyakunja mabati. Betri haikuonekana kabisa. Wakala akasema nimuulize nahodha. Nahodha akasema yeye alikabidhiwa mzigo ukiwa umekwisha kupakiwa, niwaulize wapakiaji, ambao hawana ofisi wala kiongozi anayefahamika. Mwenye boti hapokei simu.

Nimeambiwa kwamba ziwa lilichafuka. Sikubali hata kidogo! Upepo wa kusini wa kiangazi unajulikana na kila mvuvi wa Ujiji na Kibirizi, na ndiyo maana mzigo hufungwa.

Naomba pia tusilione hili kuwa ni la saruji tu, kwa sababu juu ya mizigo hiyo hukaa watu, wakiwemo kina mama na watoto wachanga. Pasipo mizani na orodha ya shehena, nahodha hawezi kujua amebeba uzito gani. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, kiliidhinishwa kubeba abiria 101. Je, ni lazima na sisi tuzike kwanza ndipo mizani iletwe ufukweni?

Sheria ya Uwakala wa Meli ya mwaka 2017 ndiyo iliyoianzisha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa hiyo mdhibiti wa usafiri wa majini yupo. Ninachotaka si msaada. Nataka viwango vibandikwe mahali pa kupakilia, kwa kilo na kwa aina ya chombo, na vijumuishe upakiaji na ushushaji ili mteja alipe mara moja. Nataka hati yenye idadi, hali ya mzigo, jina la boti na la mmiliki, isainiwe unapopokelewa na isainiwe tena unapokabidhiwa. Wanaosema wenye maboti ni wanyonge watashindwa gharama hizo, wanieleze kitabu cha risiti na turubai vinawezaje kumshinda mtu anayemiliki boti ya tani kadhaa, ilhali mwananchi wa Kalya anayejenga chumba kimoja anabebeshwa hasara yote.

Kama kuna aliyewahi kulipwa fidia kwenye njia hii, tafadhali aeleze alianzia wapi. Wenye maboti mliomo humu nanyi mjibu, kwa majina na nyadhifa zenu na si kwa vijembe. Picha za mifuko na za guta ninazo, na barua ya malalamiko nimekwisha kuiandika. Kilichobaki wazi ndani yake ni jina la ninayemlalamikia.