Kuokolewa sekunde ya mwisho, bado kunawashika wasomaji?

Wakuu, naandika riwaya, mwishoni binti kafungiwa chumbani maji yanapanda, yameshafika kidevuni, ndo kaka yake anavunja mlango. Sasa msomaji si anajua kabisa ataokolewa, presha itatoka wapi?

Jibu 1: Presha inatoka kwenye kuchelewa mkuu. D.W. Griffith, mwongozaji filamu wa Marekani, mwaka 1909 alishaifanya kwenye filamu, huku majambazi wanavunja mlango kule mume anakimbilia nyumbani, picha inaruka huku na kule. Fanya hivyo na aya zako, ziwe fupi fupi kadiri maji yanavyopanda.

Jibu 2: Sawa, ila huyo kaka katokea wapi? Wagiriki wa kale walikuwa wanamshusha mungu jukwaani kwa winchi aje amalize mambo, mwanafalsafa wao Aristotle akaipinga, akataka suluhisho litoke ndani ya hadithi yenyewe. Kaka aonekane mapema, tena awe na sababu ya kuwa karibu.

Jibu 3: Naunga mkono, na binti asikae tu kusubiri jamani, hiyo huwa inaniudhi sana. Agonge bomba kwa pete yake mpaka vidole vichubuke, kaka asikie huo mlio ndo ajue mlango upi.